Kisukari na Jicho: Usingoje Giza

Mama wa makamo ameketi barazani, kofia mapajani, sindano mkononi. Bintiye amemsihi waende wakapimwe macho, kwani huu ni mwaka wa nane tangu aambiwe ana sukari. Jibu lake halibadiliki: "Mwanangu, macho yangu mazima. Huoni natunga uzi bila ya miwani?"

Majumbani mwetu jibu hilo husikika sana, nalo lina hatari. Maradhi ya macho yaletwayo na kisukari hayabishi hodi. Mtu huweza kuona vyema kabisa, hali ya kuwa ndani ya jicho uharibifu umekwisha kuanza.

Nyuma ya jicho mna utando mwembamba uitwao retina, upokeao mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa midogo mno ya damu. Sukari ikizidi kwa miaka mingi, mishipa hiyo hudhoofika: mingine huvuja, mingine huziba. Pale palipoziba, jicho huotesha mishipa mipya, lakini hiyo ni dhaifu, hupasuka upesi na kumwaga damu ndani. Hapo ndipo mgonjwa anapoona madoa meusi yakielea, au pazia la giza likishuka.

Kupigwa picha

Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mara nyingi mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha kamera maalumu huipiga picha retina. Hakuna kisu wala maumivu. Macho hubaki na ukungu kwa saa kadhaa, basi nenda na mwenzio, wala usiendeshe gari. Ikihitajika, mashine nyingine huonyesha matabaka ya retina, na kufichua uvimbe ambao kamera ya kawaida haiudhihirishi.

Wako wanaoahirisha kipimo mwezi wa Ramadhani kwa kuchelea saumu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha mwaka 1997 mjini Jeddah, ilipitisha kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni.

Tiba ya leza

Daktari Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, alizingatia hali ya watu waliounguzwa retina kwa kulitazama jua wakati wa kupatwa. Akajiuliza: mwanga unaodhuru, je, hauwezi kutibu? Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kutibu kwa mwanga wa jua lenyewe; baadaye zikaja taa kali, kisha leza. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni vibaya, kwa wenye mishipa mipya.

Lakini tuseme kweli: leza hulinda kilichobaki, kwa kawaida hairudishi kilichopotea. Huenda pia ikapunguza uoni wa pembeni na wa usiku. Siku hizi ziko pia sindano za dawa zitiwazo ndani ya jicho, hasa uvimbe unapokuwa katikati ya retina. Daktari ndiye atakayepima lipi linafaa.

Nani apimwe, na lini?

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, ila daktari akimpangia vingine. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba apimwe mapema, kwani ujauzito huweza kuyaharakisha maradhi haya. Na wote wadhibiti sukari na shinikizo la damu. Bila ya hayo, leza peke yake haitoshi.

Ewe binti, ewe mwana, mamako akikwambia anaona vizuri, usibishane naye. Mwambie: "Ni kweli, mama. Ndiyo maana twende sasa, ungali unaona." Kisha mshike mkono, mwende pamoja.