Betri Ina Moto, Stata Haizunguki

Msomaji wetu mmoja anayetunza bustani Minnesota, Marekani, ana trekta dogo la kukatia nyasi la miaka ya 1980. Akigeuza ufunguo husikia "ta!" moja, kisha kimya. Betri ameipima, ina volti 12.6, maana yake imejaa. Stata ameshaweka mpya na mlio ni ule ule. Anauliza sasa abadilishe nini.

Asibadilishe kitu. Apime tena, safari hii ufunguo ukiwa umegeuzwa.

Ule mlio ni habari njema. Umeme kidogo umepita swichi ya ufunguo, ya klachi na ya kiti, ukafika kwenye solenoidi. Sumaku yake ikavuta kipande cha chuma ili kifungue njia kuu ya stata. Tumtafute mchawi kwenye njia hiyo kuu, ambayo msomaji ameipima ikiwa imelala.

Chukua simtanki lililo juu ya paa na mpira wa kumwagilia uliojikunja katikati. Funga koki ya mwisho wa mpira, kisha pima presha hapo: utaikuta kamili, kana kwamba mpira umenyooka. Mkunjo hutoza ushuru maji yanayotembea tu, yaliyosimama hayalipi. Fungua koki kidogo ujaze kikombe, bado huoni shida. Fungua yote uoshe gari, na presha inaanguka papo hapo. Ndiyo maana taa za trekta, zinazoridhika na kikombe, zinawaka vizuri huku stata, yenye kiu ya gari zima, ikigoma.

Georg Ohm aliiandika hesabu hii mwaka 1827: volti zinazoliwa njiani ni ampea mara ohmu. Kiungo chenye ohmu 0.03 tu, kikipitisha ampea 100 za stata, kinakula volti 3. Nauita mshuko wa volti. Sisemi upotevu, kwa kuwa hakuna kilichopotea. Volti 3 kwa ampea 100 ni wati 300, zote zikigeuka joto kwenye kiungo kinachotoshea kiganjani. Zinapochukua ampea moja ya taa, ohmu hizo hizo hula volti 0.03, na hakuna jicho litakaloliona hilo.

Ohmu hizo zinatoka wapi, na nati imekazwa? Mwanafizikia wa Uswidi Ragnar Holm alilishughulikia swali hili kwa miaka mingi. Vyuma viwili vilivyobanwa, hata vikionekana laini, hugusana kwenye vilele vidogo vidogo tu, na umeme wote hulazimika kusongamana humo. Kutu na rangi vikiingia katikati, vilele vinavyofanya kazi hupungua. Trekta kuukuu lina viungo vingi vya namna hiyo, na bodi lake la chuma ndilo njia ya umeme kurudi betri. Waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi au kutu ni mshukiwa wa kwanza.

Kwa hiyo mita isiwekwe kwenye nguzo mbili za betri. Ncha moja iguse nguzo hasi yenyewe, si kibanio chake. Nyingine iguse injini, mahali palipokwanguliwa. Geuza ufunguo. Mita ikisoma volti 0.2 au chini yake, upande huo ni salama. Ikisoma 2, sogeza ncha kiungo kwa kiungo hadi mahali namba inapoporomoka: umekipita kiungo kibovu. Halafu rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti ya stata. Hapo hata 0.5 si neno, kwa kuwa solenoidi iko njiani.

Kabla ya yote hayo weka gia huru, vuta breki na chomoa waya wa plagi. Kiungo kikipatikana, kazi iliyobaki ni ya msasa, brashi ya waya na spana.