Lubao: Afya Isiyoongeza Kazi

Siku ya Alhamisi, atokaye mjini Kakamega kuelekea Webuye hana budi kupunguza mwendo akifika Lubao. Ni siku ya soko. Ng'ombe, mbuzi na kuku wapo, lakini kilicholipa soko hili jina kote Kenya ni mbwa. Huletwa wamefungwa kamba shingoni, wanunuzi huwakagua, bei hupatanwa. Palipo na mbwa wengi wasiojuana, tena katikati ya kelele, hapakosi mtu wa kuumwa. Kwa hiyo tabia ya afya ninayoipa nafasi ya kwanza hapa inahitaji kipande cha sabuni tu.

Aliyeumwa au kuparuzwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kumwagia kikombe kimoja cha maji hakutoshi. Virusi vya kichaa cha mbwa vimevikwa utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na maji huviondoa vingi kabla havijaifikia mishipa ya fahamu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama mbwa mwenyewe anaonekana mzima. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Pilipili, majivu na mafuta ya taa visipakwe: havitibu, na huzidisha jeraha. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo hivi ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa kila mwaka. Mnunuzi anayeuliza habari za chanjo kabla ya kuuliza bei anaulinda mji wake mzima.

Nimeanza na sabuni kwa sababu ushauri mwingi wa afya humwongezea mtu kazi. Aamke alfajiri akakimbie. Anunue unga wa ajabu unaouzwa kwenye mikebe. Mkulima wa Kabras aliyeshinda akipalilia miwa hana nafasi hiyo, wala haihitaji. Tabia inayodumu ni ile inayopanda mgongoni mwa jambo linalofanyika tayari: mboga inayopikwa kila jioni, chai ya kila asubuhi, kuoga, kupiga mswaki. Badilisha kitu kimoja humo, mengine yaache yalivyo.

Mboga kwanza. Magharibi ya Kenya hakuna wa kufundishwa kula majani. Saga, mrenda, kunde, managu na mitoo vilikuwa mezani kabla sukumawiki haijazoeleka. Kulikuwa na kipindi vilipodharauliwa kama chakula cha maskini, na katika watu waliosaidia kuvirudishia heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliyetumia miaka mingi kuvitafiti na kutuzwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Basi shida haiko kwenye mboga yenyewe, iko kwenye sufuria.

Majani ya kijani kibichi yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na ngozi. Karotini huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki katika maji. Mboga iliyochemshwa bila mafuta kabisa hupita tumboni na kuacha sehemu kubwa ya faida yake njiani. Kijiko kimoja cha mafuta kwa sahani kinatosha, na mpishi anayemimina maziwa na malai kwenye saga ili kuipunguzia uchungu ameshalimaliza jambo hilo, ajue asijue.

Vitamini C ina tabia nyingine: huharibika kwa moto wa muda mrefu na huvuja kwenye maji yanayomwagwa. Munyu wa kienyeji, ule unaochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, hulainisha mrenda na kunde haraka, lakini ukali wake huzidi kuimaliza vitamini hiyo. Sisemi uachwe. Mrenda bila munyu haupati ule utelezi wake, na mtu akinyimwa ladha aliyokulia hurudi nyuma baada ya wiki moja. Ninachosema ni kwamba vitamini C itafutwe kwingine: kipande cha chungwa, ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga sahanini, au mapera yanayoanguka uani yakiachiwa ndege. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Faida ya matunda hayo haikomei kwenye vitamini yenyewe. Madini ya chuma yaliyo katika majani na maharagwe ni magumu kufyonzwa, na vitamini C inayoliwa kwenye mlo huo huo huyafungulia njia. Chai hufanya kinyume. Kemikali zinazoipa ukakasi hukamata madini ya chuma tumboni, nayo hutoka na choo. Kwa mama mjamzito au msichana anayepoteza damu kila mwezi, kikombe cha chai kando ya sahani ya maharagwe ni hasara ya kila siku. Dawa yake ni saa ya ukutani tu: chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Kiasi kisipungue kama mnywaji hataki.

Kinachofaa kupungua ni sukari. Huku kwenye miwa, kikombe kisicho na utamu wa kutosha huhesabiwa kuwa uchoyo wa mwenye nyumba, kwa hiyo naliandika hili kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema faida huongezeka sukari ya kuongezwa ikishuka chini ya gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita vidogo. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni tisa, kabla ya soda na mandazi. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, kisha nusu nyingine. Ulimi huzoea. Kuacha ghafla hakujamfaa mtu yeyote niliyewahi kumshauri.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Anayetembea kwenda shambani na sokoni amejitosheleza. Wa kuonywa ni mwenye duka na dereva wa bodaboda, ambao kazi yao ni kukaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 uliondoa sharti la kutembea angalau dakika 10 mfululizo, na sasa hata mwendo wa haraka wa dakika chache huhesabiwa katika zile dakika 150 za wiki zinazoshauriwa kwa mtu mzima. Mwenye bodaboda akishuka akatembea kwa haraka akisubiri abiria, amefanya mazoezi.

Ngozi iliyopauka haitaki krimu ya bei. Mafuta mazito ya kujipaka hayaongezi maji mwilini, huyazuia tu yasitoke, kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, kwa sababu ya moto sana huondoa mafuta ya asili. Mkorogo wa kujichubua nauchukia na siionei aibu chuki yangu. Krimu nyingi za kujichubua zimewahi kukutwa na zebaki, inayodhuru figo, au dawa kali za steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba hadi ichanike. Kopo lisiloorodhesha vilivyomo liachwe dukani.

Na meno. Aliyetafuna muwa asukutue kwa maji pale pale, kwani bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi kwa dakika chache tu. Usiku, kabla ya kulala, apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, ateme povu, asisukutue tena. Wengi wetu tulifundishwa kusukutua mpaka mdomo uwe safi kabisa, na hapo floraidi nyingi huishia kwenye beseni. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, mzazi akiwa amesimama karibu ili asiimeze.