Wagombea wabaya hutoka wapi?

1/ Kila msimu wa kura utasikia: "Hawa wote ni walewale." 2017, zaidi ya asilimia 77 ya waliojiandikisha walipiga kura. 2022 ikashuka hadi kama 65. Watu wamechoka, na wana sababu.

2/ Lakini hebu tuulizane: hao walio kwenye karatasi ya kura waliwekwa na nani? Wengi, ni mchujo wa chama, miezi kadhaa kabla ya Agosti. Kwenye ngome ya chama, ukipata tiketi umeshamaliza kazi. Na wakati mwingine hata kura haipigwi, wakubwa wanakubaliana tu.

3/ Njia nyingine ipo: mgombea huru. Katiba inataka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi akitaka kuwa MCA, ama 1,000 wa eneo bunge akitaka ubunge.

4/ 500! Hao ni watu wa soko moja.

5/ Kama kuna mtu mnayemwamini hapo mtaani, msingoje Agosti 2027 ndio mlalamike. Mwambieni mapema. Halafu uwe mmoja wa hao 500.