DAKTARI NAYE AULIZWE USHAHIDI



Nyapara akisema, "Ndivyo tulivyofanya siku zote," sisi humwuliza sababu. Daktari kijana naye afundishwe kumwuliza mkubwa wake.

Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake inazunguka kwa udhaifu, atiwe maji mengi upesi kwa mshipa. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Wote walipata dawa zao. Lakini kwa kura, wengine walitiwa maji hayo ya haraka, wengine hawakutiwa. Katika kila watoto 100 waliotiwa, kama 10 au 11 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya 100 wasiotiwa, walikufa kama 7. Tiba iliyoaminiwa iliongeza vifo!

Basi kwa madaktari wanaosomea ubingwa, hapa Bujumbura na kwingineko, kukariri hakutoshi. Wafundishwe kuuliza: tiba hii ilipimwa wapi? Kwa wagonjwa wangapi? Je, wanafanana na wangu? Mtoto wa mchuma chai wa Teza hatibiwi katika hospitali ya London.

Tudai wapewe walimu, vitabu na wakati wa kusoma. Nasi tukifika hospitali tuulize kwa heshima: "Daktari, tiba hii imethibitishwaje?" Kuuliza si utovu wa adabu. Ni kulinda watoto wetu.