Cheti cha Mwendesha Kreni na Tathmini Inayokifuata

Nchini Marekani, mazoea ya miaka mingi au leseni ya kuendesha malori havimpi mtu ruhusa ya kuendesha kreni kwenye eneo la ujenzi. Kanuni za OSHA, taasisi ya serikali kuu ya nchi hiyo inayosimamia usalama na afya mahali pa kazi, ambayo isichanganywe na wakala wa Tanzania wenye kifupisho hichohicho, zilitolewa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2018, na zinamtaka mwendeshaji apitie mafunzo, apate cheti, kisha afanyiwe tathmini na mwajiri wake. Tathmini ndiyo iliyochelewa kutambuliwa, ingawa ndiyo yenye uzito kuliko hatua nyingine zote.

Msingi wa mafunzo ya darasani ni jedwali la mizigo, yaani maelekezo ya mtengenezaji yanayoonyesha uzito ambao kreni inaweza kuinua kulingana na urefu wa mkono wake na umbali wa mzigo kutoka kwenye kitovu ambacho mashine huzungukia. Kreni inayojulikana kuwa ya tani 50 huinua tani hizo pale tu mzigo unapokuwa karibu kabisa nayo. Mkono ukirefushwa na mzigo ukasogezwa mbali, uwezo huo hushuka hadi tani chache, kwa kuwa mzigo uleule huzidi kuwa na nguvu ya kuipindua mashine kadiri unavyokwenda mbali. Kulabu na mikanda ya kufungia nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya mzigo, na asiyeijumlisha huzidisha uzito bila kujua. Zaidi ya hayo, jedwali huchukulia kwamba kreni imesimama sawasawa juu ya ardhi imara, hivyo ardhi ikititia chini ya mguu mmoja wa kuegemea, tarakimu zake hazitegemeki tena.

Anayejifunza huruhusiwa kuinua mizigo halisi chini ya uangalizi wa mkufunzi, lakini hapewi kazi ya kuinua watu wala ya kuinua mzigo mmoja kwa kreni mbili.

Cheti, ambacho hudumu miaka 5, hutolewa baada ya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Katika vitendo, mtahiniwa hupitisha mzigo kwenye njia yenye kona, iliyopangwa nguzo huku na huku, bila kuzigusa, na hapo ndipo ustadi wa kudhibiti mbembeo unapoonekana: mwendeshaji hodari hausubiri mzigo utulie wenyewe, bali huipeleka ncha ya mkono wa kreni juu ya mzigo pale unapofika mwisho wa mbembeo wake. Mtihani waweza kufanywa kwa lugha yoyote anayoielewa mtahiniwa, ila baadaye ataendesha tu kreni yenye miongozo na majedwali ya lugha hiyo. Sharti hili ni la haki, kwani jedwali lisilosomeka halimlindi mtu.

Kanuni za mwaka 2010 zilielekea kukichukulia cheti kuwa kinatosha. Wengi katika sekta ya ujenzi walipinga, wakieleza kwamba aliyefaulu kwa kreni ndogo uwanjani hawezi kukabidhiwa papo hapo kreni kubwa yenye mkono wa nyongeza, na hoja yao ilikuwa sahihi. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2018 yanamlazimu mwajiri kumwangalia mwendeshaji akiwa kazini, kwa mashine ile na kwa kazi ile, na kuweka kumbukumbu yenye jina la mwendeshaji, saini ya mtathmini, tarehe, na aina na mpangilio wa kreni iliyotumika.

Hata hivyo, ustadi wa mwendeshaji peke yake hautoshi. Machi 2008, kreni ya mnara ilianguka Manhattan, New York, na kuua watu 7, baada ya mikanda iliyoshikilia kola nzito ya chuma kukatika wakati mnara ukiongezwa kimo. Hitilafu ilikuwa katika ufungaji, si katika uendeshaji. Kwa hiyo kanuni zinadai sifa kwa mfungaji wa mizigo katika kazi kama hizo na kwa mtoa ishara pia, na zinampa mwendeshaji mamlaka ya kusimamisha kazi na kukataa kuinua mzigo wowote anaoutilia shaka, hadi mtu mwenye sifa athibitishe kwamba usalama umehakikishwa.