Maporomoko ya Maji Ugenini: Twende na Watoto, Lakini Tubebe Sweta



Siku hizi ni nadra kukuta parokia isiyo na mwana wake ng'ambo. Huyu yuko masomoni, yule ni muuguzi, mwingine amemfuata mume wake na watoto wamezaliwa huko huko. Sisi tuliishi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa miaka mitatu. Ndiyo nchi walikotoka Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliojenga Peramiho na Ndanda, kwa hiyo wapo wazee kule wanaoweza kukuamkia kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, ugeni ni ugeni. Tulikaa ghorofa ya nne, vyumba viwili, watoto watatu, na majira ya baridi yakianza mtoto hatoki nje mpaka afungwe nguo kama mzigo wa pamba.

Ugonjwa wa kwanza unaoishambulia familia ya Kiafrika kule si mafua. Ni kujifungia ndani. Mama halali vizuri, baba hana la kusema akirudi kazini, watoto wanagombana mbele ya televisheni. Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, alipotuona hivyo hakutushauri tununue dawa. Alituuliza kama tumewahi kwenda kuona makorongo.

Wenyeji wa huko wana desturi ya kwenda milimani kwa miguu siku za mapumziko, familia nzima, bibi na wajukuu. Wanapanda treni asubuhi, wanatembea saa tatu au nne, wanakula mkate waliobeba, jioni wanarudi. Sisi tulianza kwenda Misa ya Jumamosi jioni, ambayo parokia nyingi za kule wanayo, ili Jumapili tuondoke mapema. Baada ya miezi miwili mama alikuwa akilala usiku, na kijana wetu mkubwa aliyekuwa hataki kuzungumza alianza kuuliza majina ya miti. Kutembea kwa saa kadhaa hufundisha moyo na mapafu kufanya kazi, huimarisha mifupa ya mtoto, na mwanga wa jua husaidia ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunapoishi kaskazini huwa tunaipungukiwa kwa urahisi. Hayo tunayasema mapema ili msomaji asidhani tunakuja kumtisha.

Makorongo mawili tuliyoyapenda ni Partnachklamm, karibu na mji wa Garmisch-Partenkirchen, na Breitachklamm, karibu na Oberstdorf. La kwanza lina urefu wa mita 699, na kuta za mawe kila upande zinapanda zaidi ya mita 80, mpaka anga inabaki utepe mwembamba juu ya kichwa. Zamani wakata miti walishusha magogo kwa maji humo. Sasa kuna njia iliyochongwa ubavuni mwa mwamba, yenye vyuma vya kushikilia, na mto unapita chini yako ukinguruma. Breitachklamm lina habari itakayowafurahisha wanaparokia: aliyefanya lifunguliwe kwa wageni, mwaka 1905, ni paroko wa kijiji cha Tiefenbach, Padre Johannes Schiebel, aliyetafuta namna watu wake maskini wapate riziki. Hadi leo watu wanapita hapo.

Sasa tuje kwenye habari ya binti yetu.

Ilikuwa Julai. Mjini Garmisch jua lilikuwa kali, watu wamevaa kaptura, nasi tukaona kubeba masweta ni kujitesa. Tukayaacha nyumbani. Binti yetu wa miaka mitano alivaa fulana ya pamba na viatu vya turubai. Tulipoingia korongoni jua likakatika ghafla kama mtu aliyezima taa. Maji yanadondoka kutoka juu ya miamba, rasharasha ya mto inapanda kutoka chini, na upepo unavuta kupitia humo kama bomba la jiko. Kwa dakika kumi za kwanza mtoto alicheka kwa raha. Baadaye alitetemeka kidogo, tukamwambia atembee haraka apate joto. Kisha akanyamaza. Tukafurahi kwamba ametulia.

Tulipotoka upande wa juu tukaketi kula. Tukampa yai la kuchemsha, likamponyoka. Tukampa tena, likamponyoka. Tulipomwuliza kama amechoka alijibu maneno mazito mdomoni, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mama mmoja mzee aliyekaa benchi la pili alisimama bila kuombwa, akamshika mtoto mkono, akatukemea kwa Kijerumani ambacho nusu yake hatukukielewa, akamvua ile fulana na viatu, akamfunga kwenye sweta lake la sufu mpaka kichwani. Kisha akamwashiria mama yake afungue vifungo vya blauzi amkumbatie ngozi kwa ngozi, na yeye akamwaga chai yenye sukari kutoka kwenye chupa yake. Ilichukua karibu saa nzima mtoto kurudi katika hali yake. Alipoanza kutetemeka tena tuliogopa, lakini yule mama akatabasamu. Alijua maana yake.

Nasi tuieleze maana hiyo. Mwili wa binadamu hukaa kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mwili unaanza kushindwa. Kutetemeka ni kazi ya misuli kutengeneza joto, kwa hiyo mtoto anayetetemeka bado anapigana. Hatari ni anapoacha kutetemeka ilhali bado ana baridi: anakuwa mzito wa ulimi, vidole havishiki kitu, anajikwaa, anasinzia, anakuwa mpole kuliko kawaida yake. Wazazi tunaosifu mtoto mtulivu ndio tunaodanganyika hapo. Mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Nguo ya pamba ikilowa inakaa na maji na kuufyonza mwili joto. Sufu au nguo za nailoni zina nafuu. Haihitaji theluji. Julai inatosha.

Basi ukimwona mtoto hivyo, mwondoe kwenye upepo, mvue vyote vilivyolowa, mkaushe, mfunge kwa kitu kikavu pamoja na kichwa, mkumbatie. Kama ana akili timamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimtumbukize kwenye maji ya moto, na asipewe pombe hata kidogo, hata kama wapo watakaokuambia kwamba kikombe kimoja kinapasha damu. Akisinzia au akichanganyikiwa, mlaze, usimtembeze, na pigeni simu 112, namba ya dharura inayotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Haitozwi fedha.

Jambo moja kuhusu kanga. Wenzetu kule hubeba watoto wachanga katika mkoba wenye vyuma mgongoni. Baba anatoka jasho, mtoto hatembei, miguu inaning'inia, na anapoa bila mtu kujua. Kanga yetu ni bora kwa sababu mtoto amegusana na mwili wa mama. Lakini mgongo wa mtoto ndio unaopokea rasharasha. Funika juu kwa koti la mvua, na kila nusu saa mshike nyayo na shingo.

Pia tuseme wazi habari ya kuoga. Sisi tumelelewa tukiogopa kichocho na mamba. Mito ile ya milimani haina hayo, ni myeupe kama kioo, basi mtu hujisahau. Maji hayo yanatoka kwenye theluji. Anayetumbukia ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji, anavuta maji. Baada ya dakika chache mikono na miguu inalegea hata kwa mwogeleaji hodari. Watoto waoshe mikono ukingoni, mahali palipo tambarare, na inatosha.

Wazazi wenye mtoto mwenye selimundu wasikilize hapa kwa makini, maana ugonjwa huu ni wetu sana na wenyeji wa kule hawaufahamu wote. Baridi, kiu na uchovu ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto huyo, na matembezi ya korongoni yanaweza kuvileta vyote kwa siku moja. Hatusemi abaki nyumbani akiwatazama ndugu zake wakiondoka. Mwulizeni daktari wake kwanza. Mvalishe tabaka moja zaidi kuliko wenzake, apewe maji mara kwa mara kabla hajaomba, apumzike anapotaka yeye, na asiguse maji ya mto. Yale magari yanayoning'inia kwenye waya kupanda vilele virefu, kama Zugspitze wenye mita 2,962, yasimhusu mpaka daktari aruhusu, kwa kuwa juu huko oksijeni ni haba. Bebeni dawa zake na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi hiyo ikitaja ugonjwa wake. Akipata homa, maumivu ya kifua au shida ya kupumua, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu mafuriko ya ghafla tutarudi kidogo nyumbani, maana ndipo wengi wetu tulipofunzwa kwa machozi. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mwezi wa Aprili 2012, vijana kadhaa wa kikundi cha kanisa walisombwa na maji wakiwa matembezini. Tarehe 1 Septemba 2019, watu saba walikufa katika korongo hilo hilo kwa namna ile ile. Aprili ni masika, na Pasaka mara nyingi huangukia humo, wakati ambapo parokia nazo hupanga safari za vijana. Ulaya nako si salama zaidi. Tarehe 27 Julai 1999, katika mto wa Saxetenbach huko Uswisi, watu 21 walikufa kwa wimbi moja la mafuriko. Mwezi wa Agosti 2021 watu wawili walisombwa katika korongo la Höllentalklamm, si mbali na lile letu la Partnach. Jina lake ni Korongo la Bonde la Jehanamu. Waliotoa majina hayo mawili, huku na kule, labda waliona jambo moja.

Ubaya wake ni kwamba mvua inanyesha mbali, juu mlimani, wakati wewe uko chini ya anga safi. Maji yote yanakusanyika na kupita kwenye mlango mwembamba uliosimama wewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza hali ya hewa ya milimani, si ya mjini. Nendeni asubuhi, ngurumo za kiangazi katika milima ile huja zaidi mchana na jioni. Ndani ya korongo, macho yawe kwenye maji: yakibadilika rangi na kuwa ya tope, yakileta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, acheni mabegi na pandeni juu mara moja. Msikimbie kufuata mto kuelekea chini, kwa sababu maji yana mbio kuliko ninyi. Wasimamizi wakifunga lango, rudini tu, hata kama mmelipa nauli ya treni kwa watu watano. Miamba nayo ina mambo yake. Mwaka 1995 mwamba mkubwa uliporomoka Breitachklamm na kuziba mto. Maji yakajaa nyuma yake majira yote ya baridi, mpaka Machi 1996 yalipobomoa kizuizi na kuvunja njia na madaraja.

Mengine ni madogo. Viatu viwe vya soli yenye meno, kandambili zibaki nyumbani. Mtoto atembee upande wa ukuta, mzazi upande wa mto. Anayetaka kupiga picha kwa simu asimame kwanza.

Mwishowe kupe. Katika nyasi na vichaka vya Bavaria wako kupe wadogo kama punje ya ufuta, nao hueneza magonjwa mawili. Moja ni homa ya ubongo, ambayo ina chanjo; ni sindano tatu kwa kinga kamili, basi anzeni mapema kabla ya kiangazi. La pili linaitwa Laimu, halina chanjo ya kumpa mtoto wako sasa, ila linatibika kwa antibiotiki likiwahiwa. Jioni mkirudi, mvue kila mtoto mkague nyuma ya magoti, kinenani, makwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala usimchome kwa kiberiti kama tulivyozoea kwa mifugo, kwa sababu akisumbuliwa anaweza kutapika sumu yake ndani ya mwili. Andika tarehe kwenye kalenda. Katika wiki zinazofuata, likitokea duara linalotanuka kuzunguka mahali pale, nenda kwa daktari. Na kwa ngozi yetu duara hilo halionekani jekundu kama kwenye picha za vitabu vyao. Laweza kuwa la zambarau au kahawia, kwa hiyo mwonyeshe daktari na umwambie ni la nani aliyeumwa lini.