Mashine ya Kukaushia Nguo na Fyuzi Iliyosema Kweli



Ramadhani ya mwaka 2022 iliangukia mwezi wa Aprili, wakati masika yameshika. Nyumbani kwetu Mkomani kamba ya barazani ilikuwa na nguo za siku tatu, na zote zilikwisha fanya uvundo. Siku hizo ndipo mashine ya kukaushia, aliyotuletea mjomba kutoka Maskati, ilipokataa kuwaka. Fundi aliitwa baada ya tarawehe. Alifungua bamba la nyuma, akang'oa kidude kidogo cheupe, akaunganisha nyaya mbili mahali pake, na kabla ya dakika kumi kupita pipa likazunguka kwa joto jema. Tulimlipa na kumwombea dua.

Siku ya nne, tukikausha kanzu za Idi, nyumba ilijaa harufu ya kitu kinachoungua. Tulizima, tukaivuta mashine kutoka ukutani, tukakuta bomba la kutolea hewa limebanwa na ukuta, na ndani yake vumbi la nguo limeshindiliwa kama usufi ndani ya mto. Lile lililokuwa karibu na mashine lilikwisha geuka rangi ya kahawa. Alhamdulillahi, halikuwaka.

Kile kidude cheupe kilikuwa fyuzi ya joto. Kazi yake ni moja tu: joto likipita kiasi, hukatika na kuzima mashine, na ikikatika hairudi tena mpaka ibadilishwe. Kwa hivyo fyuzi haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ikitupa habari ya ugonjwa, nasi tukaifunga mdomo kwa waya.

Ili habari hiyo ieleweke, yafaa kujua mashine hii inavyofanya kazi, na kwa hakika si jambo gumu. Koili hupasha hewa moto, feni huivuta hewa hiyo ikapita katikati ya nguo zinazopinduliwa ndani ya pipa, kisha hewa hutoka na unyevu kupitia chujio na bomba. Hewa ndiyo inayobeba maji, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto lililozidi. Njia yake ikizibwa, mambo mawili hutokea pamoja: nguo hazikauki, na joto hubaki ndani likiongezeka. Kinachoziba ni vumbi laini linalong'oka katika leso, taulo na mashuka kila yanapokaushwa, nalo hushika moto upesi mno.

Hili si la kutia watu hofu bure. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikadiria kuwa mashine hizi zilisababisha moto katika majumba kama 2,900 kwa mwaka, kati ya 2008 na 2010, na kwamba katika kila mioto mitatu, mmoja chanzo chake kikuu kilikuwa kutosafishwa. Mjini London, Agosti 2016, moto uliotokana na mashine ya kukaushia yenye kasoro uliunguza ghorofa kadhaa za jengo refu la makazi mtaa wa Shepherd's Bush. Sisi wa Mkomani na Nyali tunaozidi kuishi katika maghorofa tuna haki ya kulitazama jambo hilo kwa makini, kwani moto wa jikoni kwangu ni moto wa kitandani kwa jirani wa juu.

Basi chujio lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, si kila wiki. Ni kazi ya nusu dakika. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui: dawa za kulainisha na kunukisha nguo huacha utando usioonekana juu ya wavu wa chujio. Lichukue chini ya mfereji, ulitilie maji. Maji yakipita sawasawa, liko salama. Yakisimama juu yake kama katika bakuli, lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini, ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha. Utando huohuo hushika vile vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya pipa katika mashine zinazopima unyevu zenyewe. Hapo mashine hudhani nguo zimekauka na kuzima mapema. Kitambaa chenye siki kidogo huvisafisha.

Bomba nalo litazamwe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika kuingia. Liwe la chuma badala ya plastiki, fupi, lenye kona chache, na mdomo wake uwe nje ya nyumba. Wako wanaolielekeza chumbani au juu ya dari kwa kuona ni nafuu. Miezi michache baadaye kanzu za kabatini huota ukungu, wakamlaumu dobi. Njia nyepesi ya kupima ni kuweka mkono kwenye mdomo wa nje mashine inapozunguka. Ukihisi hewa ya moto yenye nguvu, njia iko wazi. Ikiwa ni pumzi hafifu, usimwite fundi kwanza, tafuta palipoziba. Mashine zisizo na bomba, zinazokusanya maji katika chombo, zataka chombo kimwagwe kila mara. Nyingi zina sehemu ya kupozea hewa inayochomoka, nayo isuuzwe mferejini kila baada ya wiki chache.

Ikiwa pipa halizunguki na mota inavuma, chomoa plagi na ulizungushe pipa kwa mkono. Likienda bwerere bila uzito wowote, mkanda umekatika, na hiyo ni kazi ya fundi. Kelele ya kugongagonga mara nyingi ni sarafu au pini ya mtandio. Sisi wanawake twajua pini hizo zinavyojificha. Ikikataa kuwaka kabisa, tazama soketi, fyuzi ya plagi, na mlango kama umefungwa sawasawa. Fundi akikwambia ni fyuzi ya joto, muulize swali moja tu: imekatika kwa nini? Asiye na jibu asiiguse, na anayetaka kuunganisha waya umshukuru na kumfungulia mlango.

Jambo la soketi nalo si dogo. Koili hula wati 2,000 hata 3,000, na plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 mwisho wake ni kama 3,100. Waya wa kurefushia uliochomekwa na friji pamoja na pasi hauwezi mzigo huo. Na kwa wanaoletewa zawadi na jamaa wa Ghuba, someni kibandiko cha nyuma: pawe pameandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine za Omani na Imarati huafikiana na umeme wetu. Saudia hutumia hezi 60, na mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee huzunguka hapa kwa upungufu wa sehemu moja katika sita, huku ikichemka. Na feni ikipunguza mwendo, tumerudi kwenye hewa isiyotoka.

Kuna nguo zisizofaa kuingia humo. Buibui za poliesta zataka joto la chini, hariri na kofia za vito zibaki kambani, na miswala yenye sponji chini isiguswe na joto hilo. Vitambaa vya jikoni vilivyolowa mafuta ya sambusa ni hatari hata baada ya kufuliwa, kwa maana mafuta yaliyobaki huweza kujichemsha yenyewe nguo zikirundikwa zikiwa moto.

Dada mmoja aliuliza kama joto la mashine hutoharisha nguo iliyoingiwa na najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinachotoharisha nguo ni maji. Joto la mashine, kama lilivyo jua la kambani, hukausha tu. Nguo itoharishwe kwanza, kisha ikaushwe.

Na tusiiache ikizunguka tukalala. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kuzima taa wakati wa kulala, kwa kuchelea panya asije akauburura utambi na kuwaunguza watu wa nyumba. Utambi wetu wa leo uko nyuma ya bamba la chuma, lakini usingizi ni uleule. Wengi hupenda kuiwasha usiku wakaenda zao kitandani ili nguo ziwe tayari alfajiri. Heri kuiwasha baada ya sala ya asubuhi, watu wakiwa macho.

Stima ikikatika katikati ya kazi, msingoje irudi. Fungueni mlango, mtoe nguo zote zikiwa bado na moto, mzitandaze kitandani au juu ya viti moja moja hadi zipoe, na mchomoe plagi, kwani umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vyombo. Yetu tuliitilia fyuzi mpya na bomba la chuma, na fundi wa pili alituachia kile kipande cha waya cha yule wa kwanza. Tumekitundika kwa uzi nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia.